Kabla ya kuandika "U.T.I sugu": namna ya kusoma majibu ya mkojo uliooteshwa

Dada mmoja wa miaka 26 alikuja kwangu na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za maabara. Nilizihesabu: 7, zote za miezi 10. Kila karatasi ilisema mkojo una seli za usaha, na kila moja ilifuatwa na dozi yake: antibayotiki ya sipro wiki nzima, sindano siku tano, vidonge vingine, kisha sindano tena. "Daktari, mimi nina U.T.I sugu," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Katika miezi yote hiyo mkojo wake haukuwahi kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, hata mara moja.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya mtabibu, muuguzi na mfamasia anayekutana na mfuko kama ule. Neno "sugu" linabeba mambo matatu tofauti, na matibabu yake hayafanani. Huenda mgonjwa ana bakteria asiyesikia dawa alizopewa. Huenda alipona kabisa, kisha akaambukizwa upya. Na huenda hajawahi kuwa na U.T.I tangu mwanzo. Anayeweza kutenganisha matatu haya ni mtu anayejua kuuliza maswali na kusoma majibu ya kuotesha mkojo. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa wagonjwa wenye dalili za U.T.I, ulithibitisha maambukizi kwa takriban thuluthi moja tu yao baada ya mkojo kuoteshwa. Fikiria wale waliobaki, na dawa wanazomeza.

Hatua ya 1: Muulize mgonjwa kabla hujampa kopo

Maambukizi ya kibofu yana lugha yake. Mkojo unachoma unapotoka. Mgonjwa anakwenda chooni kila mara na kutoa matone, anabanwa ghafla, anaumwa chini ya kitovu, na wakati mwingine anaona damu. Yakipanda kwenye figo huja homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ubavuni, na ukimgonga taratibu kwa ngumi pembeni ya mgongo, chini ya mbavu, anashtuka.

Kisha uliza swali ambalo wengi huliruka kwa haya: "Dada, kuna uchafu unatoka ukeni, au muwasho?" Mwanamke anayeungua anapokojoa na kwenda haja mara kwa mara, bila uchafu wala muwasho ukeni, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kuwa na U.T.I kweli. Akikwambia uchafu upo, uwezekano huo unashuka sana, na kazi yako inahamia kwenye fangasi, trikomona, kisonono na klamidia.

Kuumwa kiuno peke yake si U.T.I. Uchovu si U.T.I. Mkojo wenye rangi ya chai asubuhi, kwa mtu aliyeshinda juani na kunywa glasi mbili za maji, ni kiu. Harufu kali pia haitoshi.

Mwanamke kijana asiye mjamzito, mwenye dalili za kibofu zilizo wazi na zilizoanza karibuni, mtibu bila kuotesha. Otesha mkojo wa mjamzito, wa mwanaume, wa mwenye homa au maumivu ya ubavuni, wa aliyemaliza dawa na dalili zikabaki au zikarudi ndani ya wiki chache, wa aliyelazwa au kutumia antibayotiki miezi ya karibuni, wa mwenye mawe ya figo au figo iliyopandikizwa, na wa mwenye mpira wa mkojo aliyepata homa.

Asiye na dalili usimwoteshee mkojo. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo naomba usome kwa utulivu. Bakteria wanaweza kuishi kwenye kibofu bila kumsumbua mwenye kibofu. Kwa wanawake wenye afya ambao hawajakoma hedhi, kiasi cha asilimia 1 hadi 5 wako hivyo. Kwa wanawake wazee wanaotunzwa kwenye makao ya wazee ni asilimia 25 hadi 50, na kwa mtu aliyekaa na mpira wa mkojo zaidi ya mwezi ni karibu wote. Ukiwaotesha utapata bakteria, ukipata utashawishika kutibu, na ukitibu utakuwa umefundisha bakteria wa watu hao kuishinda dawa watakayoihitaji siku wakiugua. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya maambukizi cha Marekani wa mwaka 2019 unataja makundi mawili ya kutafutiwa na kutibiwa bakteria wasio na dalili: wajawazito, na wagonjwa wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo kwa vifaa vinavyoweza kukwaruza na kutoa damu. Mgonjwa wa kisukari hayumo. Mzee hayumo.

Hatua ya 2: Mkojo wenyewe

Sijui sehemu nyingine ya kazi hii inayodharauliwa kama hii. Tunampa mgonjwa kopo, tunamwonyesha mlango wa choo, basi. Baadaye tunaisoma karatasi kama hati ya mahakama.

Mweleze kwa maneno ya kawaida, faragha, asiaibishwe. Mama: osha mikono, tanua mashavu ya uke kwa vidole, jisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, na uendelee kutanua unapokojoa. Baba: kama hujatahiriwa, vuta ngozi nyuma na uoshe. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, wa katikati uingie kwenye kopo bila kopo kugusa mwili, wa mwisho uende chooni. Nusu kopo inatosha. Asijisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu, maana ikidondokea kwenye kopo itaua hao tunaowatafuta. Kopo liwe safi la maabara, lenye mfuniko unaokaza. Chupa ya maji iliyosuuzwa haifai.

Mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kama mgonjwa amekwisha kunywa chochote kutoka duka la dawa, hata vidonge viwili, andika kwenye fomu.

Halafu muda. E. coli, bakteria wa utumboni anayeleta U.T.I nyingi, akiwa mahali pazuri penye joto anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo, bakteria 1,000 walioingia kutoka kwenye ngozi wanapita 500,000 baada ya muda wa saa tatu. Kopo lililosahauliwa dirishani Temeke au Kisauni linaweza kukutengenezea "U.T.I" lenyewe. Mkojo ufike na kuoteshwa ndani ya saa mbili. Ikishindikana, uwekwe kwenye jokofu la nyuzi 4 hadi saa 24, lakini si jokofu la chanjo. Makopo yenye asidi ya boriki yanautunza hadi saa 48 bila jokofu, mradi ujazwe hadi mstari uliochorwa. Andika saa ya kuchukuliwa. Fundi wa maabara asiyejua saa hiyo hana namna ya kukusaidia.

Hatua ya 3: Kijiti na hadubini

Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kina visanduku viwili vinavyotuhusu. Kile cha naitraiti kinabadilika rangi pale bakteria wa familia ya E. coli wanapogeuza naitreti ya mkojo kuwa naitraiti, kazi inayohitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne. Kikibadilika kwa mgonjwa mwenye dalili, hiyo ni ishara nzito. Kisipobadilika hakijaondoa kitu: pengine mgonjwa anakojoa kila nusu saa, au bakteria wake ni Enterococcus au Staphylococcus saprophyticus ambao hawafanyi kazi hiyo. Kisanduku cha pili kinaonyesha seli nyeupe, kwa maana ya usaha.

Usaha unasema mahali fulani kuna uvimbe au muwako. Hausemi ni wapi, wala nani kausababisha. Usaha wa ukeni unaingia kwenye kopo kwa urahisi mkubwa. Ukiona karatasi ina seli za usaha pamoja na seli nyingi za ngozi ya juu, ujue mkojo ulipitia ukeni au kwenye ngozi, omba mwingine.

Mkojo wenye usaha mwingi lakini usioota kitu una orodha yake, na kwa Afrika Mashariki orodha hiyo ni ya lazima. Antibayotiki zilizonywewa kabla ya kipimo. Kisonono na klamidia, ambazo haziwezi kuota kwenye sahani ya kawaida ya mkojo. Mawe. Kifua kikuu cha figo, hasa kama mgonjwa anakonda, anatoka jasho usiku, au anaishi na VVU. Na kichocho. Kwa mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa, Pemba, au kwenye mabonde ya mpunga, damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, ifuatiliwe kwa kutafuta mayai ya Schistosoma haematobium yenye mwiba mkiani. Mkojo huo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Nimeona vijana wa kichocho waliochomwa sindano za U.T.I mara tatu, na damu ikaendelea kutoka.

Hatua ya 4: Isome namba

Majibu ya kuotesha yanakuja na namba: koloni ngapi, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota, kwa mililita moja. Fundi huchovya kitanzi kinachobeba ujazo unaojulikana, hupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, ya CLED au ya damu, na huiacha kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Kitanzi cha maikrolita 1 kinafanya kila koloni unayoiona isimame badala ya 1,000 kwa mililita. Cha maikrolita 10, badala ya 100. Ndiyo maana maabara yenye kitanzi kidogo haiwezi kukuambia chochote cha maana chini ya 1,000.

Kigezo cha 100,000 wengi tumekikariri chuoni. Kilitokana na kazi ya Edward Kass huko Boston miaka ya 1950, alipowalinganisha wanawake wenye maambukizi ya figo na wasio na dalili. Kilikuwa na kazi yake: kutenganisha bakteria wa kweli na uchafu wa njiani, hasa kwa asiye na dalili. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake huko Seattle walichukua mkojo moja kwa moja kutoka kwenye kibofu cha wanawake waliokuwa wanaungua, na wakakuta kigezo cha 100,000 kinakamata karibu nusu tu ya wenye E. coli na jamaa zake. Kwa wanawake wale wenye dalili, hata 100 kwa mililita ilikuwa na maana.

Kwa hiyo namba moja ina maana mbili, kutegemea aliyeileta:

- Mwanamke anayeungua, E. coli peke yake, 1,000 kwa mililita: ni U.T.I. Karatasi ikiandika "haina maana," simama na mgonjwa wako.
- Mwanaume mwenye dalili, bakteria wa aina moja, 1,000 au zaidi: ichukulie kwa uzito.
- Mama asiye na dalili yoyote wala mimba, E. coli 100,000: ana bakteria kwenye mkojo, hana ugonjwa. Usimpe dawa.
- Mkojo uliotolewa kwa mpira na mgonjwa ana homa: 1,000 au zaidi inatosha kukufanya ufikiri.

Hatua ya 5: Hesabu aina

U.T.I ya kawaida huletwa na bakteria wa aina moja, mara chache wawili. Karatasi ikisema "aina tatu au zaidi," au "mchanganyiko wa bakteria," jibu hilo halisomeki. Maana yake kopo lilichafuliwa. Halisemi mgonjwa ana U.T.I, wala halisemi hana. Usichague bakteria mmoja kutoka kwenye mchanganyiko ukamtibu.

Yule dada wa karatasi 7 alipooteshwa kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa hilo: mchanganyiko. Tukarudia, safari hii muuguzi akamweleza taratibu namna ya kuchukua mkojo wa katikati. Haukuota kitu. Nikamwomba ruhusa nimpime ukeni, jambo ambalo hakuna aliyelifanya katika miezi yote 10. Alikuwa na fangasi waliosambaa, weupe kama maziwa ya mgando, na ngozi ya nje imechubuka. Mkojo ulikuwa unamchoma kwa sababu ulipita juu ya michubuko. Kila dozi ya antibayotiki iliua bakteria walinzi wa uke, fangasi wakapata nafasi, muwasho ukarudi, naye akarudi kupima mkojo. Alipata klotrimazoli ya kuweka ukeni. Wiki mbili baadaye alikuja kunisalimia tu.

Hatua ya 6: Jina la bakteria lina habari zake

Escherichia coli anasababisha asilimia 75 hadi 90 ya maambukizi ya kibofu yasiyo na matata. Anatoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo tuache kuwatisha watu kuhusu choo cha stendi. Klebsiella ni jamaa yake, mara nyingi mwenye usugu zaidi.

Proteus anavunja yurea na kuufanya mkojo uwe wa alikali. Akijirudia, tafuta mawe kwa ultrasaundi. Staphylococcus saprophyticus ni wa wanawake vijana, na ni bakteria wa kweli, asitupwe kama uchafu wa ngozi. Jamaa zake wengine wa ngozi, pamoja na Lactobacillus, kwa kawaida ni wapita njia. Pseudomonas hutokea zaidi kwa waliolazwa au wenye mpira.

Staphylococcus aureus kwenye mkojo anapaswa kukushtua. Kama mgonjwa hana mpira wala hajafanyiwa kitu kwenye njia ya mkojo, huenda bakteria huyu ameingia kwenye figo kutoka kwenye damu. Sikiliza moyo, tafuta jipu, otesha damu.

Candida kwa mwenye mpira mara nyingi ni mkazi tu: badilisha au ondoa mpira, usikimbilie dawa. Na Streptococcus wa kundi B kwa mjamzito, hata kwa idadi ndogo, aandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu mama huyo atahitaji antibayotiki ya mshipa wakati wa uchungu ili kumkinga mtoto.

Hatua ya 7: S, I na R

Mbele ya kila dawa iliyojaribiwa kwa bakteria huyo, karatasi ina herufi moja. S ni dawa inayotarajiwa kufanya kazi, R ni iliyoshindwa. I watu huisoma kama "nusu nusu," lakini tangu 2019 kamati ya Ulaya ya EUCAST inaitafsiri hivi: dawa itafanya kazi ukiongeza kiwango chake mwilini. Uliza maabara yako inafuata kanuni za EUCAST au za CLSI, taasisi ya Marekani.

Usianze na dawa yenye jina kubwa. Anza na mgonjwa: maambukizi yako kibofuni au kwenye figo? Kisha chagua S iliyo nyembamba zaidi, yaani inayopiga aina chache za bakteria, inayofika mahali hapo na ambayo mgonjwa anaweza kuimeza. Mitego ninayoiona mara kwa mara ni hii.

Nitrofurantoini inakusanyika kwenye mkojo lakini haifiki kwenye nyama ya figo wala tezi dume. Hata kama karatasi imeandika S, usimpe mwenye homa na maumivu ya ubavuni. Proteus na Pseudomonas ni sugu kwake kwa asili.

Enterococcus haguswi na dawa za familia ya seftriaksoni. Mgonjwa anachomwa sindano siku tano, haponi, anaitwa sugu, wakati huenda amoksilini ya kawaida ingemponya.

E. coli au Klebsiella aliyeandikiwa R kwa seftriaksoni au sefotaksimu, mchukulie kuwa anatengeneza vimeng'enya vya kuvunja kundi hilo lote, vinavyoitwa ESBL. Kama yuko kibofuni tu, nitrofurantoini au fosfomaisini mara nyingi bado zinamweza. Kama yuko kwenye figo au damu na mgonjwa yuko hoi, ni suala la meropenemu, antibayotiki ya mshipa, na la hospitali kubwa.

Na pale dalili za kibofu zimekwisha siku ya tatu, kisha karatasi inakuja na R kwa dawa aliyoimaliza, usianze dozi nyingine. Dawa hujikusanya kwa wingi kwenye mkojo, na mgonjwa amekwisha kukuonyesha jibu. Kwa maambukizi ya figo ni tofauti: hapo badilisha, hata kama anajisikia vizuri.

Hatua ya 8: Dozi

Fuata mwongozo wa matibabu wa nchi yako. Viwango hivi ni vya mtu mzima asiye mjamzito, mwenye figo zinazofanya kazi.

Kibofu kwa mwanamke: nitrofurantoini miligramu 100 za kuyeyuka taratibu mara mbili kwa siku, au miligramu 50 mara nne, kwa siku 5, pamoja na chakula. Mwambie mkojo unaweza kuwa wa kahawia, asiogope. Usimpe ambaye figo zake zimeshuka sana wala mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Fosfomaisini ni gramu 3 mara moja tu. Kotrimoksazoli miligramu 960 mara mbili kwa siku 3 ni dawa nzuri pale ambapo bakteria bado wanaisikia, na kwetu wengi hawaisikii tena. Mgonjwa anayeishi na VVU ambaye amekuwa akiimeza kila siku kama kinga, usimtibu kwa dawa hiyo hiyo.

Sipro na seftriaksoni ziache kwa ajili ya figo. Najua mgonjwa anaomba sindano, na najua sindano inaonekana ni huduma kamili. Lakini kwa kibofu peke yake hazihitajiki, na sipro inaweza kudhuru kano za misuli na mishipa ya fahamu.

Figo, mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika: sipro miligramu 500 mara mbili kwa siku 7, ukiwa umechukua mkojo wa kuotesha kwanza. Anayetapika au hali mbaya: seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku kwenye mshipa, au jentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku ukiangalia figo, kisha vidonge kulingana na karatasi. Anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, aliyechanganyikiwa, au ambaye namba ya juu ya presha yake haizidi 100, mpe dozi ya kwanza hapo hapo, mpe maji ya mshipa, mpe rufaa. Homa isiposhuka baada ya saa 48 hadi 72, fanya ultrasaundi: mrija wa figo ulioziba kwa jiwe huku nyuma yake kuna usaha hauponi kwa antibayotiki, unahitaji kutobolewa au kuwekewa mrija haraka. Epuka diklofenaki kwa mgonjwa wa namna hii, parasetamoli inatosha.

Mjamzito

Bakteria wasio na dalili kwa mjamzito wasipotibiwa, kiasi cha mama 20 hadi 35 kati ya 100 wataishia na maambukizi ya figo, na hatari ya uchungu wa mapema inakuja nayo. Mkojo wake uoteshwe mapema, akianza kliniki. Pasipo na uwezo wa kuotesha, Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kupaka mkojo wa katikati rangi ya Gramu, inayowaonyesha bakteria kwenye hadubini, kuliko kutegemea kijiti. Akipatikana na bakteria, dozi ni siku 7: amoksilini au sefaleksini kama karatasi inaruhusu, au nitrofurantoini, isipokuwa mimba ikiwa imekaribia wiki ya 38. Sipro hapana. Kotrimoksazoli hapana miezi mitatu ya mwanzo wala karibu na kujifungua, na usiichanganye na SP anayomeza kujikinga na malaria. Huyu ndiye mgonjwa pekee asiye na dalili ambaye unarudia kumwoteshea mkojo baada ya dawa. Mwandikie tarehe kwenye kadi.

Mwanaume

Kijana mwenye usaha unaotoka uumeni anatibiwa kisonono na klamidia pamoja na mwenzi wake. Mwenye dalili za kibofu bila homa, siku 7 za dawa inayofika kwenye tezi dume zinatosha. Mwenye homa, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au mkojo unaokwama, fikiria tezi dume imeambukizwa: wiki 2 hadi 4. Usiikandamize tezi hiyo kwa nguvu unapopima, unaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Mzee anayerudi na U.T.I kila baada ya miezi miwili ana kitu kinachozuia mkojo kutoka wote. Tafuta tezi iliyokua, mrija uliosinyaa au mawe.

Mpira wa mkojo, na bibi aliyechanganyikiwa

Kila siku mpira unapokaa, asilimia 3 hadi 8 ya wagonjwa wanapata bakteria wapya. Swali la kwanza la kila asubuhi wodini liwe: "Mpira huu bado unahitajika?" Usiwahi kuchukua mkojo wa kuotesha kutoka kwenye mfuko. Kama mpira una zaidi ya wiki mbili na mgonjwa ana homa, weka mpya, chukua mkojo kutoka kwenye huo mpya, ndipo uanze dawa. Akipata nafuu mapema, siku 7.

Bibi akiletwa amechanganyikiwa, kijiti kikaonyesha naitraiti, ni rahisi kupumua na kusema tumepata. Kumbuka ile asilimia 25 hadi 50 ya wazee wenye bakteria bila dalili. Kama hana homa, hachomwi na mkojo, wala tumbo la chini halimuumi, angalia kwanza sukari, maji mwilini, chumvi za damu, malaria, nimonia, na dawa alizoanzishwa wiki hii. "Shikamoo bibi, umekula nini tangu jana?" limewahi kunipa jibu haraka kuliko maabara.

Anayerudi kweli

U.T.I inaitwa ya kujirudia ikitokea mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka, angalau baadhi zikiwa zimethibitishwa kwa kuotesha. Kuna jambo rahisi lenye ushahidi: katika jaribio lililochapishwa 2018, wanawake waliokuwa wakinywa maji kidogo waliongeza lita moja na nusu kwa siku, na wastani wao kwa mwaka ukawa mara 1.7, wakati wenzao ambao hawakuongeza walipata mara 3.2. Waliokoma hedhi wanasaidika kwa krimu ya estrojeni ya ukeni. Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa kuachwe kabisa.

Mpe mgonjwa huyo daftari dogo. Kila tukio liandikwe: tarehe, dalili, bakteria aliyeota, idadi yake, dawa zilizoandikwa S na zilizoandikwa R, dozi aliyomaliza na siku dalili zilipokwisha. Akija usiku wa Jumamosi anatetemeka na maabara imefungwa, fungua ukurasa wa mwisho. Dawa iliyoandikwa R safari iliyopita usianze nayo. Chukua mkojo kwenye kopo lenye asidi ya boriki, mpe iliyoandikwa S, na Jumatatu asubuhi mpigie simu fundi.